Mdoli wa Ida B. Wells: nunueni, ila msimpange na Susan kimya kimya

Haya, kwa wale wanaoniuliza huu mdoli wa Ida B. Wells, yule mwandishi wa habari mweusi wa Marekani wa zamani, ni wa kumnunulia mtoto achezee au ni wa kuweka kabatini watu waone tu, jibu fupi ni kwamba unafaa, nunua. Jibu refu ndo hili hapa na nawaonya mapema ni refu kweli, kwasababu kwangu ipo miwili, wa Ida na wa Susan B. Anthony, mzungu aliyeongoza madai ya wanawake wa Marekani kupiga kura, na hao wawili wakikaa shelfu moja kuna mambo mzazi lazima uyaseme, usipoyasema mdoli unakudanganyia mtoto.

Bidhaa kwanza. Ni Barbie, wa ule mfululizo wao wa wanawake mashuhuri, yumo Rosa Parks, Maya Angelou, Frida Kahlo, yumo Katherine Johnson aliyekuwa anapiga hesabu za roketi NASA, yumo Bessie Coleman rubani. Ida alitoka Januari 2022. Kavaa gauni refu la bluu iliyokolea lenye lesi, nywele kapandisha juu kama kwenye zile picha zake za zamani, na mkononi ana kigazeti, Free Speech, gazeti lake mwenyewe la Memphis. Anasimama kwenye stendi. Bei ilipotoka ilikuwa kwenye dola thelathini hivi, saivi inategemea unampata muuzaji gani, wengine mtandaoni wanaipandisha kama wanauza kiwanja Masaki. Wangu nilichukua kwa muuzaji mmoja ambaye simtaji, boksi lilikuja limebonyea upande mzima kama limekaliwa, nikamwandikia akanijibu kwa mkato, lakini mdoli ndani ulikuwa mzima kwahiyo nikaacha. Na kama una mtoto anayetambaa hicho kigazeti kitoe mapema, ni kidogo mno, kitaishia mdomoni.

Mimi hicho kigazeti ndo kilichonitoa hela. Mwanamke mweusi kashika gazeti lake, siyo pochi, siyo mbwa.

Kabla sijaendelea, kitu kimoja kuhusu Barbie wenyewe ambacho wengi hawakijui. Barbie alianza 1959. Mwaka 1967 wakatoa mdoli mweusi ambao ulikuwa ni ule ule wa mzungu, sura ile ile, wamebadilisha rangi ya plastiki basi. 1968 akaja Christie, huyu alikuwa na sura yake, ila hakuwa Barbie, alikuwa rafiki wa Barbie. Barbie mweusi mwenye jina la Barbie mwenyewe amekuja 1980, na aliyembuni ni mama mweusi, Kitty Black Perkins. Hesabu hapo, miaka 21 mtoto mweusi wa Marekani akitaka mdoli wa kufanana naye anapewa rafiki wa mhusika mkuu. Sasa uki-zoom out kidogo ukaangalia harakati za wanawake za Marekani zilivyokwenda unakuta ni habari hiyo hiyo, na ndo maana nasema huu mdoli hauwezi kuuelezea kwa kuangalia mshono wa gauni tu.

Wa Susan nililetewa zawadi na mama mmoja wa kizungu tunafanya naye kazi hapa Chicago, mtu mwema, mfeministi wa kujitangaza mpaka kwenye kikombe cha kahawa. Huo ulitoka 2020, ule mwaka ambao Marekani walikuwa wanasherehekea miaka 100 ya Marekebisho ya 19 ya katiba, yale ya wanawake kupiga kura. Gauni refu jeusi, bibi kakaza. Binti yangu alivyoipata yote akaishikanisha mikono, akaniuliza, mama hawa walikuwa marafiki?

Mnaona sasa.

Kwasababu jibu ni ndiyo. Walikuwa marafiki kweli na ndo shida ilipo, ingekuwa Susan ni mbaguzi wa wazi wazi anatukana watu barabarani stori ingekuwa rahisi, ningemtupia stoo biashara ikaisha.

Sisi tuliokulia Tanzania harakati za wanawake tulizijua kwa sura ya Mama Getrude Mongella. Yeye ndo alikuwa Katibu Mkuu wa ule mkutano wa dunia wa wanawake Beijing 1995, na mpaka leo ukimbishia mwanaume kwenye daladala unaambiwa dada acha mambo yako ya Beijing. Kwahiyo kichwani kwangu mwanamke mweusi ndo alikuwa anaendesha mkutano, wala sikuwahi kufikiria kwamba sehemu nyingine alikuwa anasimamishwa mlangoni aulizwe kaalikwa na nani. Nimekuja kuyajua hapa, nikiwa mtu mzima na mtoto juu.

Ida kazaliwa utumwani, Holly Springs, Mississippi, 1862. Wazazi wote wawili wakafa kwa homa ya manjano 1878, yeye ana miaka 16, akaingia ualimu kulea wadogo zake. Mwaka 1884 akatolewa kwa nguvu kwenye behewa la akina mama kwenye treni na tiketi anayo, akashtaki kampuni, akashinda dola 500, mahakama kuu ya Tennessee ikamnyang'anya ushindi 1887. Lile behewa linaitwa la akina mama. Tiketi kalipa. Ni mwanamke. Akatolewa. Ukitaka kumweleza mtoto kwanini kuna wanawake waliambiwa nyie siyo wanawake sana, anzia hapo, hata mtoto mdogo anaelewa treni.

Halafu Machi 1892 rafiki yake Thomas Moss na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, wa duka la People's Grocery ambalo lilikuwa linamnyang'anya wateja mzungu mwenye duka jirani, wakatolewa mahabusu usiku wakapigwa risasi. Ida akaandika. Akaanza kuchunguza kesi moja moja za watu weusi waliouawa na makundi bila mahakama, akasema hadharani kwamba hii habari mnayotwambia kila siku, kwamba wanauawa kwasababu wamebaka wanawake weupe, ni uongo mtupu. Ofisi ya gazeti ikavunjwa yeye akiwa safarini, akatumiwa ujumbe ukirudi Memphis tunakuua. Hicho kigazeti cha mdoli ndo gazeti hilo.

Sasa hapo angalia mtego ulivyo. Wanaume weusi wanauawa kwa jina la kumlinda mwanamke mweupe. Kwahiyo ungetegemea harakati za wanawake weupe ndo zingekuwa za kwanza kusimama kusema msituulie watu kwa jina letu, sivyo? Frances Willard alikuwa kiongozi wa chama cha wanawake wa kupinga pombe, WCTU, kwa wakati ule chama kikubwa kuliko vyote vya wanawake Marekani, na mwaka 1890 akahojiwa na gazeti akasema wanaume weusi walevi ni tishio kwa usalama wa wanawake na watoto huko Kusini. Ida alivyokwenda Uingereza kuhutubia 1894 akayachapisha tena yale mahojiano pale pale Willard akiwa Uingereza anashangiliwa. Vita ikawaka. Watu wakamwambia Ida unavuruga umoja wa wanawake. Hiyo sentensi mtaikuta kila kizazi, anayekanyagwa akisema aah basi yeye ndo kavuruga.

Tuje kwa Susan, hapa nakaa kidogo.

Ida mwenyewe kaandika kwenye kumbukumbu za maisha yake kwamba aliwahi kufikia kwa Susan nyumbani kwake Rochester, New York. Siku moja Susan anatoka asubuhi akamwambia Ida mtumie karani wangu akuandikie barua zako. Susan kurudi anakuta Ida anaandika mwenyewe kwa mkono. Kuuliza, karani kasema wewe kama unawaona weusi sawa na wewe shauri yako, mimi siandiki maneno ya mwanamke mweusi. Susan akamfukuza kazi palepale, akamwambia huyu ni mgeni wangu, ukimtukana yeye umenitukana mimi. Hapo unasema hongera bibi, na kweli hongera, wangapi leo maofisini wangefanya hivyo.

Lakini ni bibi huyo huyo aliyemsimulia Ida kwamba mkutano wa chama chao cha kudai kura ulipopelekwa Atlanta 1895, mara ya kwanza kabisa kwenda Kusini, alimwomba Frederick Douglass asije. Frederick Douglass! Mzee aliyezaliwa mtumwa, aliyekuwepo Seneca Falls 1848 kwenye mkutano ulioanzisha madai yote haya, aliyesimama kuunga mkono hoja ya Elizabeth Cady Stanton ya wanawake kupiga kura wakati hata baadhi ya wanawake wenyewe humo ndani waliona imezidi. Akaambiwa baba pumzika usije, wanawake weupe wa Kusini watakwazika. Na wanawake weusi walipotaka kufungua tawi lao ndani ya chama, Susan akakataa kuwasaidia, sababu ni ile ile, watakwazika. Mkutano ukafanyika. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Februari 1895, Douglass akaenda kwenye kikao cha Baraza la Taifa la Wanawake Washington, akarudi nyumbani, akafa jioni ile ile. Siku yake ya mwisho duniani alikuwa kwenye mkutano wa wanawake.

Kinachonifurahisha ni kwamba Susan alimuuliza Ida, unaona nilikosea? Na Ida, mgeni, msichana kwa huyo bibi, anakula na kulala hapo, akamwambia ndiyo umekosea. Kwamba labda umepata faida kwenye suala la kura lakini umewathibitishia wale wanawake weupe kwamba ubaguzi wao ni sawa. Mimi nikiwa kwa watu nikaulizwa swali kama hilo ningesema bibi hata chai hii nzuri. Ida hakuwa na hiyo.

Na hapa ndo nataka tuelewane, maana watu wakisikia ubaguzi kwenye ufeministi wanadhani ni bahati mbaya, kwamba walisahau kualika watu weusi, kwamba enzi zile ndo zilivyokuwa. Hawakusahau. Ilikuwa hesabu. Walikaa wakapiga hesabu kwamba tukimweka huyu mbele tunapoteza kura za Kusini, tukimweka nyuma tunapata. Mwaka 1903 chama hicho hicho kikafanya mkutano New Orleans, na Belle Kearney wa Mississippi akapanda jukwaani kusema wazi kwamba kuwapa wanawake kura ndo njia ya kuhakikisha utawala wa weupe unadumu. Jukwaani. Siyo pembeni wakati wa chai.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe likaja Rekebisho la 15, kura kwa wanaume weusi, na Stanton na Susan wakalipinga kwasababu wanawake wameachwa, ambayo kama hoja ina mantiki, ila Stanton akaanza kutumia lugha chafu kuhusu wanaume weusi na wahamiaji ambayo siirudii hapa. Kwenye mkutano wa New York Mei 1869 Douglass akasimama akasema, siku wanawake watakapokuwa wanaburutwa majumbani na kunyongwa kwenye nguzo za taa kwasababu tu ni wanawake, hapo na wao watakuwa na haraka ya kura kama sisi. Mtu akamrushia swali, je hayo hayampati mwanamke mweusi? Akajibu yanampata, lakini siyo kwasababu ni mwanamke, ni kwasababu ni mweusi. Na mi nampenda Douglass lakini hapo mwanamke mweusi kapigwa pande zote mbili, anaongelewa yeye na anayegombaniwa siyo yeye. Frances Harper, mshairi, mwanamke mweusi, alishawaambia wanawake weupe mapema zaidi, 1866, kwamba nyie hapa mnaongelea haki, mimi naongelea dhuluma. Harakati zikapasuka vyama viwili, zikaja kuungana 1890, na waliobaki nje wakaunda chao, Chama cha Taifa cha Wanawake Weusi, 1896, rais wa kwanza Mary Church Terrell. Ida alikwenda kwenye ule mkutano wa kuanzisha na mtoto ananyonya.

Hilo la mtoto nalo lina mambo yake. Ida aliolewa 1895 na wakili Ferdinand Barnett wa hapa Chicago, na Susan ambaye hakuolewa maisha yake yote hakupenda. Alikuwa akimwita Bibi Barnett kwa namna ya kumchoma, akamwambia toka umeolewa harakati zimelala, mtu mwenye kipaji kama chako hakupaswa. Ida anaeleza kwamba moyoni alijua tofauti yao, Susan alikuwa na watu wa kumshika mkono aendelee na kazi, yeye hakuwa nao. Wenzangu wenye watoto mnaelewa. Kuna mfeministi ana mtu wa kumpikia na kuna mfeministi ndo yeye anayepika, na wa kwanza anamshangaa wa pili mbona umechelewa kikaoni.

Machi 3, 1913 sasa. Hii ndo siku ambayo mimi kama ningekuwa nauza hiyo midoli ningeiweka kwenye boksi kabisa, na bango dogo la Illinois. Maandamano makubwa Washington, siku moja kabla Woodrow Wilson hajaapishwa urais, waandaaji Alice Paul na Lucy Burns, maelfu ya wanawake, mmoja Inez Milholland kapanda farasi mweupe mbele. Ida mwezi kama mmoja nyuma alikuwa ameanzisha Alpha Suffrage Club, klabu ya wanawake weusi wa Chicago kudai kura, akasafiri na wenzake wa Illinois kama mjumbe kamili. Wako kwenye mazoezi, kiongozi wa msafara Grace Trout anakuja na taarifa kwamba wenzetu wa Kusini wamekasirika, kwahiyo Ida tunakuomba ukae kule nyuma na kundi la weusi. Ida akasema siandamani kabisa kama si chini ya bango la Illinois. Wanawake wawili weupe, Belle Squire na Virginia Brooks, wakasema basi sisi tutakwenda nyuma pamoja na wewe. Ida akatoweka. Wakadhani kasusa. Maandamano yanaanza, yanapita katikati ya umati wa wanaume wanaotukana na kupiga watu, Illinois wanakatiza, Ida huyo anatoka kwenye umati wa watazamaji, anaingia katikati ya wale wawili, anatembea. Gazeti la Chicago Tribune likatoa picha.

Hakutii na hakuondoka. Hicho ndo ninachomwambia binti yangu na nakirudia kila akiishika hiyo midoli mpaka kachoka kunisikia.

Kwa haki tu niseme siyo wote waliowekwa nyuma siku hiyo, gazeti la msomi mweusi W.E.B. Du Bois, The Crisis, liliripoti wanawake weusi walioandamana na majimbo yao na fani zao, na wanafunzi wa chuo kikuu cha weusi cha Howard wa Delta Sigma Theta, chama cha wasichana ambacho hata miezi mitatu hakijamaliza, nao walikuwepo. Wengi walijiingiza tu. Agizo lilikuwepo, utii ndo ulikosekana.

Miezi michache baadaye Illinois ikawapa wanawake kura ya kuchagua rais na viongozi wa manispaa, na ile klabu ya Ida ikaingia mitaani nyumba kwa nyumba kuandikisha, mwaka 1915 Chicago ikapata diwani wake wa kwanza mweusi, Oscar De Priest. Hivi mnajua wanaume weusi wenyewe walikuwa wanawazomea hao akina mama waliokuwa wanaandikisha, wanawaambia nendeni mkalee watoto. Pande zote.

Halafu 1920 Rekebisho la 19 likapita, sherehe, kengele. Februari 1921 Addie Hunton akaongoza ujumbe wa wanawake weusi 60 kwenda kwa Alice Paul kumwambia mbona sisi Kusini tunazuiwa kupiga kura na nyie mnafunga mahesabu, na jibu likawa hilo ni suala la rangi, siyo suala la wanawake. Mwanamke kanyimwa kura na siyo suala la wanawake! Ikaenda hivyo mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, miaka 45. Na msidhani iliishia kwenye kura. Mwaka 1976 wanawake weusi watano walioshtaki General Motors kwa namna walivyopunguzwa kazi waliambiwa na mahakama chagueni moja, mnabaguliwa kama wanawake au mnabaguliwa kama weusi, vyote pamoja hatuna kesi ya hivyo, na kampuni ikawa salama kwasababu imeajiri wanawake, ambao ni weupe, wa ofisini, na imeajiri weusi, ambao ni wanaume, wa kiwandani. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichukua kesi hiyo 1989 kuonyesha tundu ambalo mwanamke mweusi anadondokea. Ni lile lile la Alice Paul, ni lile lile la behewa.

Narudi kwenye bidhaa maana nimetoka mbali.

Shida yangu na huu mfululizo siyo mdoli wenyewe, mdoli ni mzuri na kutoka kwake ni jambo kubwa, ni ile hali ya kila mmoja kusimama peke yake kwenye boksi lake anatabasamu, halafu dukani wanapangwa mstari kama vile wote walikuwa timu moja. New York walifanya kitu cha kufanana, sanamu ya watetezi wa haki za wanawake pale Central Park mwanzo ilikuwa iwe ya Stanton na Susan tu, watu wakapiga kelele, wakaongezewa Sojourner Truth, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani, ikazinduliwa Agosti 2020, wako watatu kwenye meza moja wanafanya kazi pamoja. Na wengine wakauliza sasa hiyo meza ilikuwa wapi. Maana kuna kumuacha mtu nje ya picha, na kuna kumwingiza kwenye picha ili ionekane hakuwahi kuachwa, na hii ya pili inauma kwa namna yake kwasababu huwezi hata kulalamika, si huyo hapo.

Kwahiyo ushauri wa matumizi. Ukinunua wa Ida peke yake, soma habari zake kwanza wewe mzazi, dakika chache tu, anza na treni na gazeti, mambo ya kunyonga watu subiri mtoto akue. Ukiwa na wote wawili wachezesheni mazungumzo ya Rochester, binti yangu anapenda sana kuwa karani anayefukuzwa, sijui hiyo inanipa picha gani ya baadaye. Na kama ulipewa wa Susan zawadi usiutupe, yule mama wa kazini nilimweleza hizi habari tukila mchana, alinyamaza kidogo akasema shuleni hawakufundishwa, wiki iliyofuata kanunua wa Ida kwa ajili ya mjukuu wake. Wote tunapita Ida B. Wells Drive kwenda kazini, walibadilisha jina la hiyo barabara 2019, na alikuwa hajawahi kujiuliza Ida ni nani. Ukija Chicago mnara wake uko Bronzeville, wa 2021, ni wa shaba, hauna sura yake usishangae, ni kazi ya Richard Hunt na umekaa vizuri sana jua likiupiga, watoto wapelekeni.

Ubora: gauni nyota tano, lesi siyo ya kubandika hovyo. Kigazeti tano. Kuuchezea tatu, ni wa kukaa kwenye stendi zaidi kuliko wa kuogeshwa, na mtoto wangu kashajaribu kuuogesha. Stori inayokuja nao nyota mbili kwasababu itabidi uilete mwenyewe. Jumla nampa nne, na nikiulizwa kati ya huyo na Susan dola thelathini zako uzitie wapi, kwa Ida, wala usifikirie.

Kwa mtu wa Dar au Nairobi, kusafirisha kutakula hela kuliko mdoli wenyewe, bora umtume mtu anayekuja likizo, boksi ni jepesi ila linachukua nafasi kwenye begi. Na kama bajeti haipo kabisa, mwambie huyo huyo anayekuja akuletee robo dola ya 2025, ina Ida upande mmoja, ni senti 25 na inapatikana kwenye chenji za kawaida. Susan naye ana sarafu, ya 1979, yake ni ya dola nzima. Nadhani mmeshaona hesabu ilivyokaa hapo, ila kwa kununulia mtoto hii ya senti 25 inatosha, na ikipotea hulii.